Maswali ya Wasomaji: Kulala Mtae, Ukingoni mwa Usambara

Katika toleo lililopita, ndani ya makala kuhusu milima ya Tanga, tulikitaja kijiji cha Mtae kwa aya moja tu, tukisema kwamba kipo mwisho wa barabara inayopanda kutoka Lushoto, juu kabisa ya ukingo wa Usambara Magharibi, na kwamba wasafiri wengi huishia Lushoto mjini bila kukifikia. Aya hiyo moja imeleta barua nyingi kuliko makala yote iliyobaki. Tumechagua zile zinazouliza mambo ambayo wengine pia wangependa kuyajua, na tumezifupisha bila kubadili maana.

Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu na naishi Morogoro. Tunakusudia kwenda Lushoto wakati wa likizo, mimi, mume wangu na watoto wawili wakubwa. Mume wangu anasema tukilala Lushoto tunaweza kupanda basi asubuhi, tukaiona Mtae, tukarudi jioni. Je, inawezekana? Na likizo ipi ni bora kuliko nyingine? — Mwalimu, Morogoro

Mwalimu, nianze na hilo la kurudi siku hiyo hiyo, kwa kuwa ndilo linaloamua mengine yote. Kwa gari lenu wenyewe, lililo juu kidogo na lenye dereva aliyezoea milima, inawezekana, ingawa mtachoka. Kwa basi haiwezekani, na sababu yake inaonekana mara moja mtu akiitazama safari kwa jicho la mwanakijiji. Basi la Mtae halikuwekwa kwa ajili ya mtu wa mjini anayekwenda kutazama mandhari, bali kwa ajili ya mtu wa Mtae mwenye shida mjini: mgonjwa anayepelekwa hospitali, mwenye duka anayefuata bidhaa, mzee anayefuatilia kesi ya shamba. Kwa hiyo linaondoka kijijini alfajiri, giza halijaisha, likafika Lushoto ofisi zikifunguliwa, kisha mchana linapakia na kupanda tena. Mgeni anasafiri kinyume cha mkondo huo. Anapanda na watu wanaorudi makwao, na hapati usafiri wa kushuka mpaka alfajiri ya kesho yake.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hulitambua wakiwa wameshafika. Anayelala usiku mmoja tu huingia kijijini jioni, mara nyingi jua limekwisha kuzama, na huondoka kabla halijachomoza, kwa hiyo hukaa Mtae bila kuiona. Ndiyo maana ushauri wangu ni kulala siku mbili, ili katikati mpate mchana mmoja mzima. Kama siku hizo mbili hazipatikani katika ratiba yenu, bakini Lushoto, mwende kwa miguu hadi ukingo wa Irente ambao uko karibu na mji, na Mtae muiachie likizo nyingine.

Njia yenyewe ni hii. Kutoka Morogoro mnakuja Chalinze, mnashika barabara ya Segera na Korogwe hadi Mombo, mji mdogo wenye joto ulio chini ya milima, na hapo mnaiacha barabara kuu inayoelekea Moshi na Arusha. Mombo hadi Lushoto ni lami, kilomita zipatazo 33 zilizojaa kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Mtoto anayetapika kwenye gari akae mbele. Katikati ya njia mtapita Soni, penye maporomoko ya maji karibu na barabara na akina mama wanaouza matunda ambayo kwa joto la Morogoro hayawezi kustawi: peasi, pichi na plamsi, hasa kati ya Desemba na Februari. Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, iko kwenye kimo cha karibu mita 1,400. Kutoka hapo hadi Mtae ni kilomita 60 na ushei, na sehemu kubwa ya barabara ni ya udongo. Mtapita msitu wa Magamba, kisha mabonde ya mboga ya Malindi na Lukozi, ambako siku za soko mtayakuta malori yakipakia kabichi, karoti na matenga ya nyanya yanayokwenda Dar es Salaam usiku huohuo. Basi husimama hapo kwa muda mrefu kuliko mgeni angependa. Shukeni, mnyooshe miguu, mnunue karoti.

Kuhusu miezi, epukeni masika, yaani Machi hadi Mei. Udongo wa kule ni mwekundu na wa mfinyanzi. Ukilowa unateleza kama umepakwa sabuni, na basi likikwama abiria wote hushuka kusukuma, wageni wakiwamo. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ni nyepesi, lakini nayo hufunga barabara siku mojamoja. Likizo ya katikati ya mwaka, Juni na Julai, barabara ni kavu, ila mjiandae kwa baridi na ukungu. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 mnazopanda, kwa hiyo familia iliyokuwa ikijipepea Mombo itatafuta sweta Mtae, na usiku itatafuta la pili. Ukungu unaweza kukaa asubuhi nzima, watoto wakalalamika kwamba hawaoni kitu. Unapofunguka ghafla, mara nyingi kuelekea saa nne au saa tano, tambarare ya Mkomazi hutokea yote kwa mpigo, zaidi ya kilomita moja chini ya miguu yenu, na ng'ambo yake Milima ya Upare. Kilimanjaro huonekana siku chache tu, hasa alfajiri baada ya mvua kusafisha vumbi la hewani. Msiwaahidi watoto Kilimanjaro.

Nina umri wa miaka 61 na shinikizo la damu linalodhibitiwa kwa dawa. Je, kimo cha milima hiyo kinaweza kunidhuru? Na kule juu kuna malaria? — Msomaji, Dodoma

Ugonjwa wa kimo, ule unaowasumbua wapandaji wa Kilimanjaro, kwa kawaida huanza kuonekana juu ya mita 2,500, na vilele virefu vya Usambara Magharibi vinapita kidogo tu mita 2,200, huku vijiji vikiwa chini ya hapo. Kitakachokuchosha ni vilima, si uhaba wa hewa, kwani hata safari ya kwenda dukani ina mpando wake. Chukua dawa za kutosha siku zote pamoja na za akiba endapo barabara itafunga, na umwone daktari wako kabla ya safari ili yeye, anayeijua hali yako, ndiye akuruhusu.

Malaria ni kidogo milimani kuliko tambarare kwa sababu baridi humchelewesha mbu na pia kimelea kilichomo ndani yake, lakini kidogo si sawa na hakuna. Isitoshe, njia yako inapita Korogwe na Mombo ambako mbu wapo wa kutosha. Lala ndani ya chandarua mwanzo hadi mwisho wa safari, na ukipata homa baada ya kurudi nyumbani, mwambie daktari ulikopita.

Hujambo ndugu mwandishi. Mimi ni mwanamke, naishi Likoni, Mombasa, na hupenda kusafiri peke yangu. Nimeambiwa kwamba Mtae hakuna hoteli za kifahari, ni gesti za kawaida na nyumba za watu. Je, nitakuwa salama? Na nikikaribishwa nyumbani kwa mtu, nilipe au nisilipe? Sitaki kumvunjia mtu heshima kwa kumpa pesa, wala sitaki kuwa mzigo. — Dada wa Likoni

Sijambo, dada. Swali lako la mwisho ni zuri kuliko yote tuliyoletewa, kwa hiyo nitalifikia taratibu.

Kwako njia fupi ni Lunga Lunga na Horohoro hadi Tanga, kisha Segera, Korogwe na Mombo. Hakikisha hati yako ya kusafiria imegongwa mhuri mpakani, kwa maana kijiji kiko upande wa mlima unaotazama Kenya na si ajabu ukaulizwa.

Kuhusu usalama, hatari kubwa ya msafiri wa peke yake mahali kama hapa ni kufika usiku bila kutarajiwa na mtu, kuliko watu wenyewe. Kwenye nchi hizi za karibu na ikweta giza huingia upesi; jua likizama mnamo saa kumi na mbili na nusu, saa moja na robo huoni njia. Piga simu mapema kwenye gesti unayokusudia kulala, uliza basi linaingia saa ngapi na nani atakupokea stendi. Ukishapanda, mwambie kondakta wazi kwamba wewe ni mgeni na utaje unakoshukia. Wengine huogopa kujitangaza namna hiyo. Kwenye basi la kijijini kinyume chake ndicho cha kuogopa, kwa kuwa abiria karibu wote wanajuana, na mgeni asiyejulikana anakokwenda ndiye huzua maswali. Hujamaliza nusu ya safari utakuwa umeshapata mama wa kukuonyesha njia, na pengine kuku wa kukushikia mapajani.

Gesti itakutaka ujaze kitabu cha wageni: jina, kazi, unakotoka, unakokwenda, sahihi. Jaza ukweli, maana kitabu hicho ndicho mtu atakachokifungua ukichelewa kurudi kutoka matembezini. Asubuhi inayofuata, kabla ya kuzurura, pita ofisi ya kijiji umsalimie mwenyekiti au afisa mtendaji. Si kuomba ruhusa ya kupumua, kama msomaji mmoja alivyotuandikia kwa hasira. Ni kumpa kiongozi jibu la kuwapa watu watakaomwuliza kutwa nzima mgeni yule ni nani. Kuingia kijijini hakuna kiingilio. Kama kuna mchango uliopitishwa na kijiji utapewa stakabadhi, na anayekudai pesa njiani bila stakabadhi mwombe kwa upole muende naye ofisini.

Sasa malazi ya nyumbani. Yapo ya namna mbili, na makosa mengi hutokana na kuzichanganya. Namna ya kwanza ni nyumba inayopokea wageni kwa malipo, kupitia mwongozaji au mpango wa utalii wa utamaduni, ambao Lushoto imekuwa nao tangu miaka ya 1990. Hapo bei huulizwa kabla ya kushusha begi, na hulipwa yote bila kuombana, kwani kupunguza bei kwa mama ambaye ameshanunua nyama kwa ajili yako ni kumdhulumu. Namna ya pili ni kukaribishwa kwa kuwa umefahamika: ulikaa naye kwenye basi, au binti yake mnafanya kazi pamoja Mombasa. Hapo pesa mkononi wakati wa kuagana ni aibu kwa wote wawili. Nenda na sukari, majani ya chai, sabuni ya kufulia na mafuta ya kula, vitu ambavyo kule hununuliwa na hupandishwa kwa gharama, na umkabidhi mwenye nyumba mwanamke siku ya kufika, kwa sauti ndogo, bila kuorodhesha. Ukitaka kuacha pesa, waachie watoto nauli ya shule au daftari kupitia mikononi mwa mama yao. Katika namna zote mbili, usimzidishie mwenyeji gharama bila kujua.

Mfano ulio karibu ni maji ya kuoga. Jioni utaulizwa kama unataka maji ya moto, nawe kwa baridi ile utaitikia upesi. Ndoo ile imechemshwa kwa kuni zilizobebwa kichwani na mwanamke au msichana, na misitu ya pale imehifadhiwa, kwa hiyo kuni si za kuokota popote wala siku yoyote. Nusu ndoo yenye maji ya moto kweli, ukachanganya mwenyewe na ya baridi, inatosha. Na mwenyeji ataona kwamba umeelewa bila wewe kusema neno.

Mavazi hayana ugumu kwako wewe mtu wa Mombasa. Waislamu na Walutheri wanaishi pamoja kule, na kanga ya kujifunga juu ya suruali inakubalika popote. Ukienda mwezi wa Ramadhani, uliza mapema kama mchana kuna anayepika, na ule ndani.

Shikamoo mzee. Mimi ni mwanafunzi wa chuo Dar es Salaam, napiga picha na video za mazingira. Nina kamera na nina droni ndogo. Nataka kupiga nyumba za Mtae zilizojipanga juu ya mgongo wa mlima, pamoja na wakulima shambani. Kuna lolote la kuzingatia? — Mpiga picha, Dar es Salaam

Marahaba, kijana. Droni iache nyumbani mpaka uwe na vibali. Nchini Tanzania kuirusha kunahitaji idhini inayopitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Wizara ya Ulinzi, udogo wa chombo hauondoi sharti hilo, na mahali pa kwenda kujaribu bahati si karibu na mpaka wa nchi na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Hata ukiwa na vibali, kijiji nacho kijue. Chombo kinachovuma juu ya ua wa nyumba ambamo mtu anaoga hakipendezi popote.

Kamera ya mkononi ni jambo jingine, na hapa historia itakusaidia kuliko sheria. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wasambaa, kwanza katika bonde la Mlalo, kisha penginepo katika Usambara, kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, ardhi waliyoachiwa kulima ikapungua, watu wakawa na hofu kwamba shamba linalopimwa ni shamba linalochukuliwa, na upinzani wao ukaupeleka mpango huo kaburini kabla ya uhuru. Sisemi kwamba mkulima wa leo anayakumbuka hayo kila anapomwona mtu na kamera. Ninasema kwamba mgeni anayekatiza shambani na kifaa, akiinama na kupima mwanga bila kusalimia, anafanana na watu ambao huko nyuma hawakuleta heri, na mashamba yale ni madogo, yamegawanywa baina ya ndugu, na mipaka yake ina kesi. Simama kwenye njia, salimia kwanza, taja jina lako na unakotoka, ndipo uombe. Kama mkulima anaendelea kulima, jembe liko hewani, usimkatize. Kaa pembeni mpaka apumzike.

Watoto watakuzunguka na kudai wapigwe picha, na ridhaa yao haitoshi. Mtafute mzazi. Usiitundike mtandaoni picha ya mtoto pamoja na jina lake na la shule yake, hata kama mwalimu amekuruhusu kupiga. Na ukimwahidi bibi kwamba utamletea picha yake, isafishe Dar es Salaam uitume kwa mkono wa kondakta. Ahadi za namna hiyo zisipotimizwa ndizo huwaharibia njia wapiga picha watakaokufuata.

Kwa upande wa mwanga, ukingo unatazama machweo, hivyo wengi hupiga jioni na hupata picha ileile. Mimi ningeamka. Ukungu ukilala tambarare alfajiri, kijiji hubaki juu yake kama kisiwa, na moshi wa majiko ya asubuhi hupenya kwenye mapaa ya bati kabla jua halijayafikia.

Mimi ni mzaliwa wa huko, niko Dar es Salaam kwa kazi. Methali inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wageni wakija kwa makundi, mwenyeji ndiye anayeugua. Mnakiita kijiji chetu kitulivu, kisha mnawaita watu wote waje. Je, mkiwaleta wote, huo utulivu mtautoa wapi? — Msomaji, Temeke

Ndugu yangu, hoja yako ni ya haki na sitaizunguka. Gazeti likikisifu kijiji, linakuwa limeshakigusa.

Hata hivyo, nadhani tunauangalia utulivu kwa macho mawili tofauti. Kwa mgeni, utulivu ni kitu anachokifuata. Kwa kijana aliyebaki Mtae, utulivu huohuo ndio unaomfanya apande basi la alfajiri kwenda kutafuta kibarua mjini. Sina haki ya kumwambia mama mwenye gesti ya vyumba vichache kwamba vitanda vyake vikae vitupu ili mimi nifurahie ukimya. Na umbali wenyewe unachuja: mtu asiyekubali kulala siku mbili, kukaa saa kadhaa ndani ya basi na kuoga nusu ndoo, hafiki.

Ninachokiogopa mimi kuliko wingi wa wageni ni mambo mawili. La kwanza ni mgeni wa gari binafsi anayepanda na chakula chake kutoka mjini, akasimama ukingoni, akapiga picha, akaacha chupa za plastiki na kushuka. Kijiji hakina gari la taka. Chupa hiyo itachomwa au itasombwa na mvua hadi kwenye kijito ambacho watu wa chini hunywa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini chupa bado ziko, na hakuna ugumu wowote wa kushuka nazo hadi Lushoto.

La pili ni ardhi ya ukingoni. Kipande chenye mawe na upepo, ambacho kwa mahindi hakina thamani kubwa, kwa mtu anayetaka kujenga nyumba ya wageni yenye mandhari kina thamani ambayo mwenye shamba pengine haijui. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na ugawaji wake hupita kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa watu wazima wote na si wa viongozi peke yao. Asiye raia wa Tanzania hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa utaratibu maalumu wa kisheria. Wewe uliye Temeke, na wenzako mliotoka huko mkapata elimu na kazi, mna nafasi ya kufanya jambo ambalo sisi hatuwezi: rudini mkutano unapoitishwa, msome karatasi kabla wazee hawajatia sahihi, muulize ni miaka mingapi na ni kwa kodi ya kiasi gani. Kwa upande wetu, tumekubaliana katika chumba cha habari kwamba hatutachapa mahali pa vichaka vya matambiko wala makaburi ya ukoo, hata tukiulizwa, na kama kuna jambo jingine ambalo watu wa Mtae wangetaka lisitajwe, tuandikie.

Tukiwa Mtae, je, tunaweza kwenda Mlalo kwa miguu badala ya kurudi kwa basi lilelile? Tuko vijana wanne, tumezoea kutembea. — Msomaji, Arusha

Mnaweza, na ndiyo safari ya miguu ninayoipenda kuliko zote za Usambara Magharibi, kwa sababu haiendi kwenye kilele chochote. Inapita mashamba, makanisa, misikiti, shule na visima, na kila saa moja kuna mtu wa kumsalimia. Tengeni siku nzima na mwondoke mapema. Chukueni mwongozaji wa hapohapo kijijini, kwani vijia vya kwenda mashambani ni vingi kuliko njia, na ramani ya simu haijui kipi kinaishia kwenye shamba la mtu. Mkitaka kukatiza ndani ya msitu wa hifadhi, kwa mfano Shagayu, mtahitaji kibali kutoka Wakala wa Huduma za Misitu, na ni afadhali kukishughulikia mkiwa Lushoto, kwa sababu ukingoni hakuna ofisi ya kuwahudumia. Mwongozaji anayesema kibali hakina haja kwa kuwa anamjua mlinzi, mbadilisheni.

Mlalo ni mji wa kale uliobanana bondeni na juu ya kilima, wenye nyumba za udongo za ghorofa, na ulikuwa miongoni mwa vituo vikuu vya Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara kutoka makao yao makuu ya Vugha. Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani wa shirika la Bethel walifika hapo na kuanzisha kituo chao cha kwanza katika milima hii, na ndani ya muongo huohuo wakawa wamefika Mtae pia. Hivyo njia mtakayoitembea si ya watalii. Wainjilisti, wachuuzi na wanafunzi waliipita kabla ya kuwapo barabara. Kutoka Mlalo kuna mabasi yake ya kushuka Lushoto, nayo pia huondoka alfajiri, kwa hiyo msipange kufika Mlalo jioni na kulala Lushoto usiku huohuo. Agizeni chumba Mlalo kabla hamjatoka Mtae, na raba zenu ziwe na meno.